Sakafu Iliyoinama

Duara la selotepu lilinichoropoka mkononi, likatua kwa ukingo, likaanza kubingirika.

Nilidhani lingesimama baada ya hatua mbili tatu. Halikusimama. Lilipita katikati ya marundo ya magodoro, likashika kasi, likazama gizani, na punde nikalisikia likigonga ukuta wa mbali. Kijana anayetunza ghala hakugeuka hata kutazama. "Humu kila kitu kinaelekea kule, kaka," aliniambia. "Usihangaike nalo. Utalikuta limelala chini ya ukuta."

Nilikuwa nimemsindikiza rafiki kuchukua mzigo, basi. Jengo lenyewe nimelipita miaka na miaka: mnara mwembamba katikati ya uso wake, mistari mitatu ya saruji inayozunguka kona bila kuvunjika, na juu ya mlango matundu ya misumari pale herufi zilipong'olewa. Nilijua lilikuwa jumba la sinema. Kila mtu anajua. Ila sikuwahi kuingia, wala kujua kwamba mikokoteni ya mle ndani hukingwa magurudumu kwa mawe.

Nikalifuata duara langu. Miguu ndiyo iliyoelewa kwanza. Magoti yalilegea kidogo, mwili ukavutwa mbele, kama mtu anayeteremka kwenda mtoni.

Leo ni wiki ya sita, na sakafu ile haijaniondoka kichwani.

## Nilichokuwa nikikililia

Nimekusanya picha za majumba ya sinema ya zamani kwa muda mrefu. Nikisikia moja limebomolewa, huumia kwa siku kadhaa. Usiku wa siku ile nilifungua mkusanyo wangu na kuupitia wote, picha baada ya picha. Minara. Madirisha ya tiketi. Taa za neoni. Herufi zenye kutu. Milango yenye vishikio vya shaba.

Hakuna hata picha moja ya sakafu.

Na ni haki, kwa namna fulani, maana sakafu ya sinema ilitengenezwa ili isahaulike. Taa zikizimwa, ikifanya kazi yake vizuri, hakuna anayejua kwamba ipo. Lakini nilianza kuingiwa na shaka kwamba kwa miaka yote hiyo nimekuwa nikililia nguo, na mwenye nguo sijawahi kumtazama.

## Hesabu ya macho

Onyesho la ndugu wawili Wafaransa, akina Lumière, ambalo historia ya sinema huanza nalo, la Paris tarehe 28 Desemba 1895, lilifanyika katika chumba cha chini cha mkahawa. Watu 33 walilipa kiingilio. Miaka 10 baadaye, Juni 1905, Harry Davis na John P. Harris walifungua ukumbi wao mjini Pittsburgh, Marekani, ndani ya fremu ya duka: viti 96, kiingilio senti tano. Kumbi za aina hiyo zikachipuka kwa maelfu. Zote zilikuwa vyumba vya kuazima. Filamu ilikuwa mpangaji, na mpangaji akihama, duka linarudi kuwa duka.

Sakafu inapoinamishwa, upangaji umekwisha. Huwezi kucheza dansi juu ya mteremko. Huwezi kupanga meza. Huwezi, kama yule kijana anavyojua vizuri kuliko mimi, kuacha mkokoteni bila jiwe. Mwenye jengo aliyekubali kumwaga zege kwa mshazari alikuwa amekata shauri kwamba hapa patafanyika jambo moja tu, watu kuketi na kutazama upande mmoja.

Na ule mshazari una hesabu. Jicho lako linapaswa kupita juu ya kichwa cha aliye mbele na bado lifike kwenye ukingo wa chini wa skrini. Wasanifu wengi huacha sentimita 12 hivi, kutoka jicho hadi utosi. Ukizidisha hesabu hiyo safu kwa safu, unagundua kwamba mteremko wa mstari ulionyooka hautoshi. Kadiri unavyorudi nyuma ndivyo sakafu inavyotakiwa kupanda kwa ukali zaidi. Kwa hiyo sakafu iliyopigwa vizuri ina mkunjo mdogo sana, kama wa upande wa kuchotea wa kijiko. Jicho haliuoni. Duara la selotepu linauona.

Msanifu mmoja wa Marekani, Ben Schlanger, alikwenda mbali zaidi. Katika sinema ya Thalia, New York, mwaka 1931, aliigeuza sakafu: sehemu ya mbele ikapanda kuelekea skrini, ili mtu wa safu za mwanzo aegemee nyuma na kutazama juu bila kuvunja shingo. Wengine hawakumfuata kwa wingi. Mimi namheshimu sana kwa sababu alianza kuchora jengo kutokea shingoni mwa mtazamaji.

Majumba ya tamthilia yalikuwa na sakafu za kuinama tangu zamani, hilo siwezi kulinyima. Ila yalikuwa pia na vyumba vidogo vya heshima ubavuni, vimepangwa kama kwato ya farasi, ambako matajiri waliketi wakilitazama jukwaa kwa pembeni na kutazamana wao kwa wao. Sinema iliviua vyumba vile. Mwigizaji aliye hai ukimtazama ubavuni bado ni mtu. Picha bapa ukiitazama ubavuni hukonda, nyuso zikawa kama majani. Ukumbi ukalazimika kunyooka, ukafunguka kama kipepeo cha mkononi kuanzia kwenye skrini kurudi nyuma, na watu wote wakageuzwa kuelekea upande mmoja.

## Chumba cha chuma

Mara ya pili nilikwenda peke yangu. Nilimwomba kijana anionyeshe juu, akanipeleka bila maswali, tukipanda ngazi za mtu mmoja hadi kwenye mlango wa chuma.

Chumba cha projekta kilikuwa kidogo kuliko nilivyotarajia. Sakafu ya zege, kuta za zege, dari ya zege, bomba pana la kutolea moshi, sinki kwenye kona. Ukutani matundu madogo ya mraba yanayotazama ukumbini, na juu ya kila tundu kipande cha bati zito kikining'inia kwenye reli zake. Nilikigusa. Bado kinashuka.

Vipande vile vya bati ni vya moto. Mikanda ya filamu ya zamani ilitengenezwa kwa nitrati ya selulosi, kitu ambacho kikishika moto hujitengenezea hewa yake chenyewe. Hata ukikizamisha majini kinaendelea kuwaka. Mkanda huo ulipita mbele ya taa ya kaboni yenye mwanga wa kuumiza macho. Ukikwama tu, unaungua. Mabati yalishikiliwa kwa kiungo cha madini yanayoyeyuka upesi: joto likipanda, kiungo kinakatika, mabati yanaanguka yenyewe, na moto unabaki chumbani pamoja na mwendesha mitambo.

Maisha ya watu ndiyo yaliyofundisha jengo hayo. Mei 1897, mjini Paris, taa ya projekta iliyotumia etha, kimiminika kinachowaka upesi, ilisababisha moto katika soko la hisani, Bazar de la Charité, na watu 126 wakafa. Uingereza ilitunga sheria ya sinema mwaka 1909, na moja ya masharti yake ni kwamba projekta ikae katika chumba chake, nje ya ukumbi wa watazamaji. Chumba kile cha zege nilichosimama ndani yake ni sheria iliyogeuzwa ukuta.

Lakini tukio lililoninyima usingizi ni la Paisley, Scotland, tarehe 31 Desemba 1929.

Palikuwa na onyesho la watoto katika sinema ya Glen. Mkanda ukaanza kutoa moshi ndani ya kopo lake, moshi ukaingia ukumbini, watoto wakakimbilia mlango wa nyuma. Lango la chuma lilikuwa limefungwa. Watoto 71 walikufa.

Ukumbi haukuteketea. Walikufa kwa kukanyagana na kukosa hewa, mbele ya mlango ambao haukufunguka. Baada ya hapo kanuni zilikazwa: milango ya kutokea iongezwe na isukumike kwa nje. Nilipoteremka kutoka chumba cha projekta nilikwenda kuisukuma milango ya ubavuni mmoja mmoja, nikipenya nyuma ya magodoro. Minne. Yote inafungukia nje. Mara nyingi nimeisifu milango kama hiyo kwa vishikio vyake vya shaba.

## Mbingu ya lipu

Sitaki kuonekana kwamba nimeudharau urembo. Haiwezekani.

John Eberson, mzaliwa wa Austria-Hungaria aliyehamia Marekani, alijenga sinema ya Majestic mjini Houston mwaka 1923, na ndani yake akaondoa dari, au tuseme akawafanya watu waamini kwamba ameiondoa. Alipiga lipu laini iliyopinda, akaipaka buluu ya usiku, akatoboa vitundu vya balbu ndogo ziwe nyota, na mtambo ukapitisha mawingu ya mwanga taratibu juu yake. Kuta zikawa mbele za nyumba, na miti na roshani. Mtazamaji aliketi nje akiwa ndani. Tena dari ya namna hiyo ilikuwa nafuu kuliko kuchonga dhahabu na malaika, na kwangu hilo linaongeza utamu wake.

Wengine walikwenda upande wa ukubwa. Roxy ya New York, iliyofunguliwa Machi 1927, ilikuwa na viti 5,920. Amsterdam ina Tuschinski, iliyofunguliwa Oktoba 1921, jengo ambalo hadi leo linaonyesha filamu. Abraham Tuschinski alikuwa fundi cherehani Myahudi kutoka Poland. Alikuwa njiani kwenda Marekani, akaishia Rotterdam, akaanza biashara ya sinema. Alipojenga jumba lake la Amsterdam hakubana mkono popote, kuanzia mazulia, mbao, taa hadi minara miwili ya mbele. Wanazi walipoiteka nchi waliliondoa jina lake mlangoni na kuliita jumba hilo Tivoli. Yeye walimuua katika kambi ya Auschwitz mwaka 1942. Jina lilirudishwa.

Nikifika hapo huwa nasitasita kusema kwamba uso wa jengo ni nguo tu. Kuna nguo ambayo mtu amejishonea maisha yake yote.

Erich Mendelsohn, aliyejenga sinema ya Universum mjini Berlin mwaka 1928, aliyakataa majumba haya ya dhahabu na nyota. Yeye alitaka ukumbi ambao kila mstari wake unalivuta jicho kwenye skrini, basi. Zamani nilimwona mkavu. Sasa, baada ya kushuka ule mteremko kwa miguu yangu, naanza kuelewa kwamba alikuwa akiitetea sakafu.

## Ngazi ya pembeni

Kulikuwa na jambo moja nililiona siku ile ya pili na nikajifanya sikuliona.

Ubavuni mwa jengo, upande wa uchochoro, kuna mlango mwembamba. Nyuma yake ngazi kavu ya saruji inapanda moja kwa moja hadi safu za juu kabisa za balkoni. Haigusi ukumbi wa mapokezi popote. Aliyeipanda hakukanyaga terazo ya mbele, hakupita chini ya taa kubwa, hakujiona kwenye vioo. Aliingia na kutoka bila kukutana na waliolipa zaidi.

Katika miji mingi ngazi kama hizo zilikuwa za tiketi za bei ya chini. Kusini mwa Marekani, enzi za sheria za ubaguzi, zilikuwa za rangi ya ngozi: watazamaji weusi walikatiwa tiketi kwenye dirisha lao, wakapitishwa mlango wa pembeni, wakapandishwa balkoni ya juu. Afrika Kusini ya ubaguzi ilizitenga hata sinema zenyewe. Mji wa Asmara, Eritrea, una Cinema Impero, ya mwaka 1937, mojawapo ya sinema nzuri kuliko zote za mtindo wa Art Deco ninazozijua, na jina lake maana yake ni "dola". Ilijengwa chini ya utawala wa Kiitaliano ambao mwaka huohuo ulianza kutunga sheria za kuwatenga Waafrika na wakoloni wao.

Hapa ndipo nilipokwama kwa wiki nzima. Nilikuwa tayari nimeanza kuandika kwamba sakafu ile iliwafanya watu wote kuwa sawa, wote wakitazama upande mmoja. Sentensi ilikuwa nzuri. Ngazi ya pembeni ikaifuta.

Nilijiuliza: nikipewa uwezo wa kuliokoa jengo hili, ngazi ile ningeibakiza? Jibu langu la kwanza lilikuwa hapana, izibwe, imeaibisha watu vya kutosha. Jibu la pili lilichelewa. Ikizibwa, atakayeingia miaka 50 ijayo ataona taa na terazo, na atadhani kila mtu alipita hapo.

Naibakiza.

## Magari na vitabu

Kilichoyafikisha majumba haya hapa kinajulikana: televisheni, magari, watu kuhamia pembezoni mwa miji, kumbi ndogondogo zilizorundikwa jengo moja. Kwenye usanifu pigo moja halisemwi sana. Mwaka 1953 skrini pana ya CinemaScope ilipoingia, fremu za zamani za jukwaa zilikuwa nyembamba mno kwake. Mapambo yakakatwa, au yakafunikwa kwa pazia na skrini mpya ikasimamishwa mbele yake. Miaka ya 1970 kumbi nyingi zikagawanywa kwa kuta, balkoni ikawa ukumbi mmoja na chini yake viwili.

Roxy ilibomolewa mwaka 1960. Mwigizaji Gloria Swanson, ambaye filamu yake ndiyo iliyoifungua mwaka 1927, alipigwa picha amesimama katikati ya kifusi akiwa na gauni jeusi, mikono ameifungua. Picha hiyo ilikuwa ukutani kwangu kwa miaka minane. Wiki iliyopita niliishusha, si kwa hasira. Inamwambia mtazamaji kwamba kuna njia mbili tu, fahari au kifusi, na mimi nimeshaona ya tatu yenye magodoro.

Mjini Detroit, sinema ya Michigan, ya mwaka 1926, iligeuzwa maegesho ya magari mwaka 1977. Kuibomoa kungehatarisha jengo la ofisi lililoungana nayo, kwa hiyo waliuchimba ukumbi, wakajenga ghorofa za zege, na magari yakaegeshwa chini ya dari ya lipu yenye maua. Mahali hapohapo ndipo Henry Ford alipounda gari lake la kwanza. Buenos Aires, Grand Splendid ilianza kama jumba la tamthilia mwaka 1919, ikawa sinema mwaka 1929, na tangu mwaka 2000 ni duka la vitabu; balkoni zimejaa rafu, na jukwaani watu hunywa kahawa.

Nilizoea kuipenda ya pili na kuichukia ya kwanza. Sasa swali langu kwa zote mbili ni lilelile la kijana wa ghala: kitu kikidondoka mle, kinaelekea wapi?

Na magodoro, ambayo siku ya kwanza yaliniudhi, nimeyasamehe. Mwenye ghala anahitaji paa lisivuje, kwa hiyo analiziba kila mwaka. Godoro halivumilii unyevu. Kuna majumba yaliyohifadhiwa kwa maazimio na mabango ambayo mvua imeshayaingia. Isitoshe, magodoro humeza sauti. Ukisimama katikati yake na kupiga kofi, kofi linakufa papo hapo, jinsi wajenzi wa sinema za sauti walivyotaka walipobandika nguo nzito ukutani.

## Mpira wa maji

Wiki iliyopita kijana alinipigia simu. Mwenye ghala amechoka na mawe na mikokoteni. Anataka kumwaga zege, sakafu isawazishwe.

Nilikwenda kuonana naye. Ni mzee mpole, alinisikiliza hadi mwisho. Nilimweleza kwamba anaweza kupata sakafu bapa kwa kusimamisha nguzo fupi na kutandika mbao juu yake, na ile ya zamani ikabaki chini bila kuguswa. Aliniuliza mbao zitabeba uzito kiasi gani. Nikamtajia fundi ninayemwamini. Akasema atafikiria, nami namwamini, lakini zege hununuliwa kwa siku moja.

Kwa hiyo Jumamosi nilirudi na mpira wa maji, ule mwembamba wa mafundi unaoona maji ndani, pamoja na utepe na penseli. Kijana alishika ncha moja chini ya chumba cha projekta. Mimi nikaburuta nyingine hadi ukuta wa mbele, kwenye njia aliyokuwa amenifungulia katikati ya magodoro tangu asubuhi, bila kuombwa. Tulisubiri maji yatulie pande zote mbili. Akapaza sauti, "Tayari, kaka." Nikatia alama ukutani.

Mita 27 kutoka nyuma hadi mbele. Sentimita 148 za kushuka.

Tukapima tena kila baada ya mita tatu ili tuupate ule mkunjo, na namba zote nimeziandika kwenye daftari, moja moja, pamoja na upana wa milango minne na idadi ya vidato vya ngazi ya pembeni. Vidato ni 41.

Tulipomaliza kijana aliuachia mpira kabla sijauziba. Maji yalimwagika miguuni pake, yakasimama kidogo kama yanayotafuta, kisha yakashika njia, yakateremka kimyakimya kunifuata hadi pale skrini ilipokuwa.